Saa ya Kushushia

Bweni la Mafundi
9 Februari

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shangazi na kuku wake. Mimi sijambo, ila mikono imejaa alama za cheche na nyusi ya kushoto imepungua kidogo. Usihangaike. Mchumba wa kuilalamikia hajapatikana bado.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani siku hizi. Jumapili nilikuuliza kama goti bado linauma, ukanijibu, "Asante, na wewe pia." Shangazi anasema ni mtandao. Haya, tuandikiane. Wewe uliyepiga chapa barua za ofisi ya shule mpaka wakuu wa shule wakastaafu mmoja baada ya mwingine, huwezi kushindwa na barua ya mjukuu.

Sasa habari yenyewe. Bibi, nimeanzisha saa ya kushushia huku!

Unajua ulinilea kwenye meza ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinuka eti kwa sababu ameshiba. Sahani zinaondolewa, chai ya tangawizi inaingia, mtu anasema "Kitendawili!" na nyumba nzima inaitikia "Tega!" Nilikua nikidhani dunia yote inakula hivyo. Kumbe wapi! Bwalo letu lina meza ndefu za bati, na kila mtu akimeza tonge la mwisho anafuta mdomo, anapanda kitandani na simu yake. Nilikuwa nashiba kila siku na bado nahisi njaa, nisijue ni njaa ya nini.

Basi nikamwomba msimamizi vipande vya chuma kisichoshika kutu vilivyobaki kazini, nikachomelea birika. Mdomo umetoka mrefu kupita kiasi, kwa hiyo wenzangu wameliita Tembo. Siku ya kwanza walibaki watu watatu, na wawili walibakia chai tu. Wa tatu ni fundi bomba, mtu mzima, tunamwita Kimya kwa sababu tangu nifike sijamsikia akimaliza sentensi. Nikatega: "Ndugu yangu hunifuata kila mahali, lakini gizani haingii." Wote wakatazama vikombe. Kimya akakohoa, akasema, "Kivuli." Watu waligeuka kana kwamba meza ndiyo iliyosema.

Sasa hivi tunajaza meza mbili. Sheria yako ya mji nimewafundisha vilevile kama ulivyoiweka: anayeshindwa kitendawili hatoi mji wa kwenye ramani, maana huo haumuumi mtu, anatoa mahali pake mwenyewe. Mpaka leo natawala nusu ya kabati la mpishi na kiti cha mbele cha gari la kazini.

Niambie, kushushia kwenu kukoje? Nani kashindwa mwezi huu?

Mume wako asiye na nyusi,
Mjukuu

*

Nyumbani
2 Machi

Marahaba mume wangu,

Barua imefika, na nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Shangazi yako yuko salama, anakohoa kidogo tu. Kuku wawili wametotoa. Jirani wa nyuma amepaka ukuta wake rangi ya manjano inayoniumiza macho kila nikianika nguo. Goti langu liko palepale, na mimi niko palepale nalo.

Birika umelichomelea mwenyewe! Niliisoma sehemu hiyo, nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi kukaa. Babu yako aliendesha malori katika nchi ngapi, na kila aliporudi alisema hakukuta meza kama yetu. Sasa wewe umeibeba meza hiyo kichwani mpaka huko na kuitandika kati ya watu wenye njaa. Nakusifu, na sikusifu kwa sababu ya undugu. Ungekuwa umeharibu ningekwambia.

Ila sikiliza. Tangawizi iponde, usiikwangue. Ikikwanguliwa inatoa ukali wote mara moja halafu inalala. Sukari iwe mbali na birika, kila mtu na kikombe chake na dhambi zake. Na kikombe usikijaze. Ukikijaza unamwambia mtu anywe aende zake. Ukimimina nusu anajua utamiminia tena, kwa hiyo anakaa. Hapo ndipo mtu kama huyo Kimya anapopata nafasi ya kufungua mdomo. Mpe salamu zangu. Mtu aliyejibu "kivuli" bila kuombwa ana mengi tumboni.

Kuhusu hapa kwetu, hiyo saa nimeisimamisha kidogo. Joto ni kali, si hali ya kunywa chai. Halafu watu wa siku hizi hawatamki maneno. Kinyozi wa hapa mtaani ndiyo kabisa, anaongea na kola ya shati lake. Mtu atacheza vipi na watu wenye maji mdomoni?

Simu usipige. Andika.

Mkeo mkubwa,
Bibi

*

Bweni la Mafundi
20 Machi

Shikamoo Bibi,

Huku hatujambo. Tangawizi nimeiponda kwa nyundo iliyooshwa, na ulichosema ni kweli tupu. Kimya amekunywa vikombe vitatu vya nusunusu na kutusimulia alivyofanya kazi kwenye meli, kisa kizima, mwanzo mpaka mwisho. Mpishi alilia. Anasema ni mvuke wa chai.

Joto kali, Bibi? Shangazi ananiambia mnalala na mablanketi.

Usimkasirikie. Mimi ndiye niliyempigia na kumbana. Amenisimulia yote ya siku ile. Kinyozi alitega, "Ndoo yangu ina matundu kila upande, na bado inashika maji." Jibu ni sponji, mtoto mdogo angelipata. Lakini wewe ukasikia "ndoa," na "matundu" ukasikia "matatizo." Ukaweka kikombe chini, ukamshika mkono mbele ya watu wote, ukamwambia avumilie, kila ndoa hupita hapo, apunguze ubishi na amwombe mkewe radhi leo leo. Na mkewe amekaa ubavuni kwake, kikombe kimefika mdomoni! "Matatizo gani hayo ambayo Bibi ameyajua kabla yangu?" Shangazi anasema kinyozi alihamia dukani, akawa analala kwenye kiti cha kunyolea, mpaka mkewe alipochoka kumnunia.

Nilicheka, nisamehe, nilicheka mpaka kofia ya kuchomelea ikanifunga uso yenyewe. Halafu shangazi akasema tangu siku hiyo umelipandisha birika juu ya kabati. Mnakula, mnanawa, mnaachana. Hapo kicheko kikaniisha.

Neno lenyewe sitaliandika, maana nakujua, utaichana barua. Lakini kwetu mambo mazito yamekuwa yakisemwa baada ya kula, na kwa njia moja. Kwa hiyo, Bibi:

Kitendawili! (Nimekusikia umesema tega.)

Nyumba yangu ina milango miwili. Wageni wanabisha hodi, mwenyeji yumo ndani, lakini hafungui.

Toa jibu au toa mji. Na kama kwa bahati utamkumbuka daktari mmoja wa hapo mjini, ambaye shangazi anajua ofisi yake ilipo, na ambaye ana vifaa vidogo kama punje ya kunde, basi ni bahati tu.

Mumeo,
Mjukuu

*

Nyumbani
30 Mei

Mjukuu,

Marahaba. Tuko salama. Mvua ilinyesha, ikaacha. Vifaranga wamekua, mwewe kachukua mmoja. Shangazi yako nimemsamehe, ingawa mdomo wake ungefaa kufungwa kwenye nguzo tutangazie matangazo.

Nilichelewa kujibu kwa sababu utepe wa mashine ya kupigia chapa uliisha.

Kitendawili chako ni chepesi. Jibu: posta saa ya chakula cha mchana. Wateja wanabisha, karani yumo ndani anatafuna, hafungui.

Kama hulitaki hilo, jibu: ofisi ya mkuu wa shule siku wazazi wanapokuja na malalamiko. Nimekaa kwenye ofisi hiyo, naijua milango yake yote miwili.

Kinyozi hupita jioni, husimama nje kidogo, hutazama dirishani, kisha huendelea na safari yake. Simwiti. Ana mke, ana redio, hakosi cha kufanya.

Vaa miwani kazini.

Bibi

*

Bweni la Mafundi
14 Juni

Shikamoo Bibi, mke wangu,

Ni mzima. Miwani navaa. Barua yako ilikuwa fupi, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, sikukuta kitu.

Majibu yote mawili si sahihi, na wewe unajua. Huwezi kunidanganya. Nimekaa miguuni pako tangu sijaota meno, sijawahi kukuona ukikosa kitendawili hata kimoja. Nyumba nzima ilikuwa mali yako. Mjomba alikupa duka lake la baiskeli, ukaenda asubuhi ukakaa kwenye kiti chake, ukawapa wateja chai. Babu alikupa kiti cha dereva, na dereva mwenyewe akapanda nyuma! Mimi nilikupa upande wangu wa kitanda, nikalala chini nikijisikia nimelipa kodi kwa malkia. Nilikuwa nakutazama ukimimina chai huku umefumba macho, unasikiliza kikombe kikijaa, na hukumwaga hata tone. Nilijiambia sitaona tena mtu mwenye akili kama hiyo, na mpaka leo sijamwona.

Kwa hiyo nitasema bila mzunguko. Naogopa, Bibi. Naogopa utakaa kwenye meza yako mwenyewe, katikati ya watu wanaokupenda, ukiwa peke yako. Naogopa utatuambia "asante, na wewe pia" mpaka tuchoke kuuliza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mlo hauishi kwenye sahani. Sasa unaumalizia kwenye sahani kwa sababu siku moja watu walicheka? Tulicheka kila siku. Ndicho tulichokuwa tukikaa kwa ajili yake.

Juzi Kimya alishindwa kitendawili cha mpishi. Akatoa kiti chake cha dirishani, mahali pekee alipokuwa akikaa tangu aje hapa. Tulidhani atakasirika. Akaja kukaa katikati yetu, akasema, "Kumbe huku kuna joto."

Nimepewa likizo ya Agosti. Nakusubiri, jibu au mji.

Mumeo anayekuogopea,
Mjukuu

*

Nyumbani
11 Julai

Mume wangu,

Marahaba, mara mbili, na ile ya barua iliyopita ambayo niliitoa kwa ubahili.

Shangazi yako amepona kikohozi. Ukuta wa jirani umeanza kubanduka, Mungu ni mwema. Hakuna jingine jipya, kwa hiyo naingia kwenye jambo letu kabla sijakimbia.

Yote yalianza na mfuniko wa birika. Unajua ule mfuniko unavyogongagonga maji yakichemka, ndio uliokuwa unaniita jikoni. Siku moja nilikaa nikingoja uniite, nikanusa kuungua. Maji yalikauka, birika limekuwa jeusi, na shangazi yako anauliza mbona sikuisikia kelele yote ile. Nikamwambia nilikuwa nawaza. Baada ya hapo nikawa nasoma midomo. Nilikuwa nacheka wakicheka na kunyamaza wakinyamaza, na nilikwenda vizuri tu mpaka kinyozi alipotega akiwa na kikombe mdomoni.

Hawakunicheka kwa ubaya. Hilo nalijua. Lakini nilitazama meza ile yote ikitikisika kwa kicheko, midomo imefunguka, mabega yanaruka, na mimi sikujua kinachochekwa ni nini. Kwenye meza yangu! Nikasema bora nisimimine chai kabisa kuliko kuwamiminia watu nisiowasikia. Nimekuwa mpweke, mume wangu. Nimepika, nimekula, nimelala na jua bado linawaka.

Kitendawili chako nimekizungusha kichwani miezi yote hii. Nimekipeleka bafuni, nimekipeleka kwenye kamba ya nguo. Wewe umefunzwa na mimi, na umenitega vizuri kuliko nilivyowahi kumtega mtu. Nilipokielewa nilikasirika, halafu nikaona fahari, halafu nikakasirika tena.

Lakini jibu silijui. Andika hivyo, onyesha hata huyo Kimya: Bibi ameshindwa. Sijawahi kutoa mji tangu nizaliwe na sina uzoefu, kwa hiyo nitafanya kama nilivyowaona ninyi mkifanya. Nakupa masikio yangu, yote mawili, la kulia na la kushoto. Ingia, tawala, fanya utakavyo.

Shangazi amekwenda kuandikisha jina langu kwa daktari, miadi ni ya Agosti. Nimempa ruhusa. Alikimbia kabla sijabadili mawazo, na viatu vya nyumbani miguuni.

Mkeo uliyemshinda,
Bibi

*

Bweni la Mafundi
25 Julai

Shikamoo Bibi, malkia,

Barua yako niliisomea karakanani. Msimamizi akaniuliza kama ni msiba, kwa jinsi machozi yalivyokuwa yakitoka. Nikamwambia hapana, nimepewa mji. Alinitazama sana.

Na sheria inasema aliyepewa mji aende kwanza, ndipo atoe jibu. Basi:

Nilikwenda mji wako. Nikafika malangoni, nikakuta bawaba zimekaza, nikazipaka mafuta, kwani ndiyo kazi yangu. Mlangoni alikaa mlinzi mmoja mzee anaitwa Aibu, kashika rungu, anawafukuza wageni akisema mwenye nyumba anawaza. Nikamshukuru kwa utumishi wake, nikamstaafisha. Nikaingia. Bibi, mji wako ni mzuri! Kuna sauti zimehifadhiwa humo ambazo nilidhani zimepotea. Nimemkuta babu akipiga honi ya lori njia panda. Nimejikuta na mimi mwenyewe, mdogo, nalia nikitaka chai ya wakubwa. Hujapoteza kitu hata kimoja kati ya ulivyowahi kusikia. Ulikosa tu vya siku hizi. Nikafungua milango yote miwili, nikaketi kizingitini, nikatangaza: kuanzia Agosti, kila anayebisha aingie.

Sasa jibu. Umeshalisema mwenyewe, kwa kukusudia au kwa bahati, na mimi sitaki kujua. Ila mwenye kutega ndiye anayelitoa, na mimi silitoi kwa barua. Nitakuja nalo mdomoni, nikuambie baada ya kula, na nitakunong'oneza.

Mtawala wako,
Mjukuu

*

Nyumbani
19 Septemba

Mume wangu,

Marahaba, na pole kwa safari. Tumepata habari kwamba umefika salama. Shangazi yako ameikuta soksi yako moja chini ya kochi, anasema atafuma nyingine upate jozi. Goti langu, kwa kuwa unapenda kuliuliza, limeanza kutoa mlio nikipanda ngazi. Nilikuwa sijui. Daktari hakunionya kwamba nitajisikia mimi mwenyewe.

Nina malalamiko mengi. Shangazi yako anaimba akiosha vyombo, na haimbi vizuri, na inaonekana amekuwa akifanya hivyo miaka yote. Kinyozi hanong'oni hata kidogo, anapayuka. Mkewe anavuta chai kwa kelele ya mtu anayenyonya uboho. Jana walikaa mpaka chai ikaisha, nikachemsha nyingine, na mkewe akashindwa kitendawili changu mara mbili mfululizo. Sasa natawala jiko lake na mlango wa nyuma. Nilikuwa nawatazama wote, na kila sauti ikaja na mwenyewe, hakuna iliyopotea njiani. Sijui nikuelezeje utamu huo. Ni watu wa kawaida, wanakunywa chai baada ya kula. Nilitaka kuwabusu mmoja mmoja.

Umeiweka meza mahali pawili, mume wangu, huko kwenu na hapa kwangu. Mimi niliweka moja tu, na watu wakanisifu miaka yote. Kaa ukijua ninavyokuwazia.

Kuna kitu sikukuambia ulipokuwa hapa. Siku ile ya kwanza ya kuvaa kifaa, sahani zilipoondolewa, ukaja ukainama ukaninong'oneza jibu lako. Nikakuambia, "Rudia, sijasikia." Ukarudia. Nikasema, rudia tena. Niliuona uso wako ukibadilika, ukamtazama shangazi, mkadhani kifaa kimekataa, na ukarudia mara nyingine.

Kifaa kilikuwa kizima. Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa muda mrefu sana bila mtu kunisemesha sikioni, nikataka uendelee.

Mkeo mkubwa,
Bibi